Usukani Uliolegea Si Jambo la Kungoja Baada ya Msimu



Kila unapokaribia msimu wa karafuu sisi wakulima twajua kujitayarisha. Twafyeka chini ya mikarafuu ili wachumaji wapate kupita, twatazama majamvi ya kuanikia, twatafuta magunia, na twapatana mapema na wachumaji wasije wakachukuliwa na shamba la jirani. Kazi hizi hapana anayetuhimiza, kwa sababu sote twajua khasara ya karafuu kuchanua mtini au kunyeshewa zikiwa juani. Lakini kiko kitu kimoja ambacho wengi wetu hatukitazami hata kidogo, nacho ndicho kinachobeba jasho letu lote kutoka shambani hata kituo cha kuuzia. Kitu hicho ni usukani wa gari.

Gari tunazozisema hapa si gari mpya za mjini. Twasema pikapu zetu za shamba, zile kuukuu ambazo kila mmoja wetu anazijua kwa sauti kabla hazijatokeza konani. Gari hizi zimetufaa sana, wala hatuandiki ili kuzitukana. Pikapu iliyotengenezwa katika miaka ya 1980 au 1990, ikitunzwa, inaweza kufanya kazi miaka mingi mingine. Lakini kutunzwa si kutiwa mafuta na kupakwa rangi tu. Nyingi katika gari hizi zina usukani uliolegea, na wenyewe wamekwisha kuuzoea hata wanauona kuwa ndiyo tabia ya gari. Dereva hucheza usukani kulia na kushoto njia nzima kama nahodha aliyeshika sukani katika bahari ya kusi, na akiulizwa husema, "Hii gari ndivyo ilivyo." Maoni yetu ni kwamba hapana gari iliyo hivyo. Iko gari iliyoharibika, na yuko mwenyewe ambaye hajataka kuitengeneza.

Twasema haya kwa kuwa sisi wenyewe tulikuwa katika hao. Msimu mmoja fundi wetu alituambia waziwazi kwamba kichwa cha tairodi ya upande wa kushoto kimekwisha, na kwamba chafaa kutolewa. Tulimwuliza bei, tukaona fedha ya wachumaji bado haijatimia, tukamwambia, "Kaza skrubu ya boksi kwanza, hicho kichwa tutakinunua baada ya msimu." Fundi hakupendezewa, lakini gari ni yetu na amri ni yetu, akakaza. Usukani ukawa mgumu, nasi tukafurahi, tukadhani umepona. Wiki ya pili gari ikishuka mlima na magunia nyuma, na wachumaji wanne juu ya magunia, kile kichwa kikachomoka mahali pake. Gurudumu moja likatazama huku na jingine kule, gari ikaingia mtaroni. Karafuu zilimwagika, lakini karafuu huokotwa. Kijana mmoja alivunjika mkono. Ndugu wanachama, mchumaji hana mtaji mwingine ila mikono yake miwili. Gharama za hospitali tulizilipa, lakini msimu wake hatukuweza kumrudishia, na mpaka leo tukikutana naye njiani sisi ndio tunaoinamisha macho. Fundi hakukosa. Gari haikukosa. Tuliokosa ni sisi.

Basi kwa kuwa tumekwisha kulipa ada ya somo hili, twaona ni wajibu wetu kuwafundisha wenzetu bure.

Kwanza yafaa kila mwenye gari ajue usukani unavyofanya kazi, ili asidanganyike wala asimdanganye fundi wake. Katika pikapu nyingi za zamani, mathalan Toyota Hilux za miaka ya 1980, unapozungusha usukani unazungusha mti mrefu unaoshuka hata kwenye boksi lililofungwa kwenye chasisi. Ndani ya boksi mna gololi ndogo za chuma zinazozunguka katika mifereji, na kazi yake ni kugeuza ule mzunguko kuwa mwendo wa mkono mmoja ulio chini, ambao mafundi huuita pitmani. Mkono huo husukuma na kuvuta fimbo za chuma. Fimbo hizi hushikana na magurudumu kwa tairodi, na mwisho wa kila tairodi pana kichwa chenye kiungo cha mviringo, kama vile mfupa wa paja unavyokaa katika nyonga. Gari za namna nyingine, kama Peugeot 504 pikapu, hazina boksi hilo bali zina reki yenye meno, lakini nazo zina tairodi na viungo vile vile.

Sasa hesabuni viungo hivyo, kuanzia kwenye mikono ya dereva hata kwenye tairi. Kila kimoja kikilegea kidogo tu, vyote pamoja huwa vingi. Ndiyo maana usukani huweza kuzungushwa robo nzima bila ya gurudumu kujua khabari. Nafasi hiyo tupu ndiyo mafundi wetu huiita plei. Na kisiwani kwetu viungo hivi hufa upesi, kwa sababu njia za mashamba zina udongo mwekundu na madimbwi, na hewa yetu ina chumvi ya bahari. Kila kiungo kimevikwa mpira wa kukikinga. Mpira ukipasuka, maji na mchanga huingia, grisi hutoka, na chuma husagana na chuma.

Jambo la pili ni kupima. Simamisha gari pahali pa sawasawa, magurudumu yakitazama mbele. Kama usukani ni wa kusaidiwa na pampu, washa injini; kama si wa pampu, usiwashe. Tia alama ya chaki juu ya duara la usukani, kisha uzungushe polepole kwa kidole upande mmoja hata uone gurudumu la mbele laanza kusogea, ukumbuke alama imefika wapi. Rudisha upande wa pili vivyo hivyo. Pima kwa rula nafasi iliyo baina ya alama mbili hizo. Vitabu vya mafundi vya Toyota za namna hiyo husema plei isizidi milimita 30, yaani upana wa vidole viwili hivi. Huko Uingereza, katika ukaguzi wa kila mwaka, gari yenye usukani wa boksi hukataliwa plei ikizidi milimita 75 kwa usukani wenye upana wa milimita 380. Mpaka huo ni wa kukataza gari njiani, wala si wa kujivunia. Katika gari zetu ziko ambazo ukizipima hutahitaji rula, shubiri yatosha.

Jambo la tatu ni kutafuta ulegevu uko wapi, na hapa ndipo tunapogombana na ada mbaya iliyoenea. Mtu akiona usukani una plei, la kwanza analolifikiri ni ile skrubu iliyo juu ya boksi. Ni rahisi kuifikia, haitaki spea, na kazi yake ni dakika tano. Lakini mara nyingi boksi si mgonjwa. Mgonjwa ni kiungo kilicho mbele yake. Kukaza boksi kwa ajili ya kiungo kilichokufa ni sawa na kuziba tundu la paa la mbele kwa kuwa maji yavuja ukumbini.

Njia ya haki ni hii, nayo haitaki vyombo vingi. Gari isimame juu ya tairi zake, isiinuliwe, breki ya mkono imefungwa na mawe yametiwa nyuma na mbele ya magurudumu. Mtu mmoja akae akizungusha usukani kidogo kidogo kulia na kushoto. Mwingine atazame chini, akishika kila kiungo kwa mkono, akiangalia asitie vidole pahali pa kubanwa. Aanzie kwenye mti wa usukani, apite kwenye boksi, mkono wa pitmani, fimbo ya kati na ule mkono wa upande wa pili unaoishikilia, hata afike kwenye vichwa vya tairodi. Pahali ambapo chuma kimoja chatikisika na kinachofuata chachelewa, hapo ndipo penye ugonjwa. Atazame pia boliti zinazofunga boksi kwenye chasisi, na chasisi yenyewe pale boksi lilipokaa. Tumeona gari ambayo boksi lake lilikuwa zima kabisa, lakini chuma cha chasisi kilikuwa kimeliwa na kutu hata boksi zima likicheza. Gari kama hiyo ukikaza skrubu mwaka mzima hutafika popote.

Kisha inua gurudumu moja la mbele kwa jeki na uiegemeze gari juu ya stendi madhubuti au magogo makubwa. Jeki peke yake haitoshi, na mtu asiingie chini ya gari iliyosimama kwa jeki tu. Shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukitoweka, ulegevu ni wa beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni wa boljointi au kingipini. Halafu shika tairi kulia na kushoto ulitikise. Likicheza hapo peke yake, tazama tairodi. Mwisho tazama upepo wa tairi na boliti za springi, maana gari yenye tairi la upepo haba au springi zilizolegea hutangatanga njiani, na mwenyewe huulaumu usukani usio na makosa.

Ukishajua kiungo kilichokufa, dawa yake ni moja: kitolewe kitiwe kipya. Si kutia kipande cha bati ndani yake, si kukifunga kwa mpira wa tairi, wala si kukichomea kwa umeme. Chuma cha usukani hakichomewi. Kinachomewa leo, kesho hukatika bila ya kutoa khabari. Fundi anapofungua kichwa cha tairodi na ahesabu mizunguko ya kukitoa, ili kipya kiingie kwa kiasi hicho hicho. Nati ikifungwa itiwe pini mpya. Pini ya zamani isinyooshwe ikarudishwa. Na tundu la pini lisipolingana na nati, nati huendelezwa mbele hata ilingane, hairudishwi nyuma. Baada ya hapo magurudumu yapimwe ulinganifu wake, la sivyo tairi za mbele zitalika upande mmoja kabla msimu haujaisha, na faida yote itakwenda kwenye tairi.

Je, ile skrubu ya boksi haina kazi? Ina kazi, lakini zamu yake ni ya mwisho, baada ya viungo vyote kuwa vizima. Magurudumu yawe yametazama mbele, nati yake ya kufungia ilegezwe, skrubu izungushwe kidogo sana, isizidi robo, kisha gari ijaribiwe polepole pasipo na watu. Usukani baada ya kona urudi wenyewe. Usiporudi, skrubu imekazwa mno na ilegezwe papo hapo. Sababu yake ni hii. Boksi hulika zaidi katikati, kwa kuwa gari huenda mbele zaidi kuliko inavyokata kona. Mtu akikaza hata plei yote ya katikati iishe, basi pande mbili ambazo hazikulika hubanana. Usukani huwa mzuri katika njia iliyonyooka, na hukwama konani. Na kona ndizo tulizojaliwa sisi wa Pemba, pamoja na milima ya kupanda na kushuka. Boksi lililolika hata halitengezeki kwa robo hiyo litolewe likafanyiwe kazi au libadilishwe.

Twajua majibu ya wanachama wenzetu, kwa kuwa ndiyo majibu tuliyokuwa tukiyatoa sisi.

La kwanza ni kwamba gari ya shamba haiendi mbio, kwa hivyo haina khatari. Kweli haiendi mbio njia za ndani. Lakini gari hiyo hiyo ndiyo inayotoka kwenye barabara ya lami, ikapita Mtambile hata Chake Chake pamoja na gari za abiria na watoto wa skuli wanaorudi kwa miguu ukingoni. Na katika mteremko, gari iliyojaa magunia haijui kwamba ni ya shamba.

La pili ni bei ya spea. Hili ni jambo la haki, wala hatulidharau, maana mkulima hupata fedha zake mara moja na madeni yake ni ya mwaka mzima. Lakini kichwa kimoja cha tairodi hununuliwa kwa bei ya kilo chache za karafuu kavu, na gunia moja likianguka mtaroni lenye matope hupoteza zaidi ya hapo. Wazee walisema rahisi huvunja upishi. Nasi twaongeza kwamba tusitoke katika ubahili wa kutonunua tukaingia katika ubahili wa kununua kile kilicho rahisi kuliko vyote. Viko viungo dukani ambavyo vimefungwa katika karatasi nzuri, na baada ya miezi mitatu vimekwisha. Muulize fundi aonyeshe kile alichokitia katika gari nyingine mwaka jana nacho bado kizima.

La tatu ni lile la kusema, "Fundi kasema yafaa." Mara nyingi fundi hakusema hivyo. Fundi alisema kitu kingine, nasi tukapunguza mpaka likabaki lile tulilolitaka. Mafundi wetu wengi ni watu waaminifu, lakini mtu mwenye watoto akiambiwa "kaza hivyo hivyo au napeleka kwa mwingine" atakaza. Tusiwatie watu katika dhambi kisha tukawalaumu.

Iko sababu nyingine inayotufanya tuyaandike haya katika ukurasa wa Chama, badala ya kumwachia kila mtu na gari yake. Mwenye gari aghalabu haketi nyuma. Nyuma huketi wachumaji, wanawake wanaochambua, na vijana wanaopanda juu ya magunia kwa sababu hawana usafiri mwingine. Hao hawakuulizwa kama usukani mzima. Na wanachama wengi wasio na gari hutia karafuu zao katika gari ya mwenzao. Basi usukani wa mtu mmoja ni mali na uhai wa watu wengi, na jambo la watu wengi ndilo jambo la Chama.

Kwa hivyo twatoa shauri letu, na twaomba lizungumzwe katika mikutano ya matawi kabla ya mavuno.

Kwanza, kila tawi liweke siku moja kabla ya msimu, gari zote za wanachama zikutane pahali pamoja, na fundi mmoja au wawili wazikague usukani na breki. Ujira wa siku moja wa fundi ukigawanywa kwa gari zote hautamwumiza mtu. Faida yake kubwa ni kwamba fundi atasema mbele ya watu, na maneno yaliyosemwa mbele ya watu ni magumu kuyapunguza.

Pili, wanachama wenye gari za namna moja wanunue viungo kwa pamoja kutoka kwa mwenye duka mmoja anayeaminika. Kumi wakinunua pamoja watapata bei iliyo bora kuliko mmoja mmoja, na kiungo kikiwa kibovu watakuwa na sauti ya kukirudisha.

Tatu, gari iliyoonekana kuwa na usukani mbovu isibebe watu hata itengenezwe. Na hata gari nzima, watu wasipandishwe juu ya magunia. Twajua neno hili ni zito, kwa kuwa safari mbili ni ghali kuliko moja. Lakini tumekwisha kuona ughali wa ile moja.

Nne, na hili ni la wanachama wasio na gari: ulizeni. Kabla hujapakia gunia lako, muulize mwenye gari usukani wake ulitazamwa lini. Si utovu wa adabu. Mkulima humtazama mpimaji mizani kwa macho mawili, kwa nini asiutazame usukani unaochukua mzigo wake kufika huko kwenye mizani?

Wako watakaosema kwamba tumekuza jambo dogo. Kweli ni dogo. Kiungo chenyewe hakijai kiganja cha mkono. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na mkono wa mtu haujengeki kama ukuta. Msimu bado haujafika, na siku za kutosha zipo. Tuzitumie.

Mwenyezi Mungu atujaalie mavuno mema, jua la kuanikia, na kila aliyeondoka asubuhi na gari arudi nayo jioni salama.